Tiketi ya Kuizunguka Dunia Ina Masharti Yake

(Haya ni mazungumzo ya juma yaliyosomwa redioni Jumapili iliyopita. Tunayachapa kwa faida ya wale ambao hawakuwa karibu na redio zao.)

Ndugu msikilizaji, wahenga wa pwani walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Juma hili nataka tuzungumzie tiketi ambayo imejengwa juu ya maneno hayo hayo. Ni tiketi ya ndege inayomtoa mtu nyumbani, ikamzungusha dunia nzima upande mmoja, na kumrudisha pale pale alikoanzia. Ni tiketi nzuri, na kwa mwenye safari ya kufaa ni rahisi kuliko kununua safari moja moja. Lakini ina masharti, na asiyeyajua masharti hayo huyajua akiwa uwanja wa ndege wa ugenini, mizigo ikiwa miguuni.

Nimelichagua jambo hili kwa sababu limenigusa mwenyewe. Shangazi yangu ni mwalimu mstaafu. Alifundisha darasa la kwanza na la pili kwa miaka thelathini na kitu, akasomesha watoto watatu, na watoto hao wote wakapata riziki mbali. Wa kwanza yuko Guangzhou, China, anasafirisha mizigo ya wafanyabiashara wa Kariakoo. Wa pili, binti, ni muuguzi mjini Houston, Marekani. Wa mwisho alikuwa chuoni Uingereza. Walipochangishana ili mama yao awatembelee, wakala mmoja wa tiketi hapa Dar es Salaam aliwashauri wanunue tiketi ya kuizunguka dunia: Dar es Salaam, Guangzhou, Los Angeles, Houston, Washington, London na kurudi Dar es Salaam. Safari ilipangwa ili shangazi afike London siku moja kabla ya mahafali ya huyo kitindamimba, ambayo yalikuwa Ijumaa.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka Houston. Hapo mkwe wake akasema, mama, kwa nini upande ndege kwenda Washington peke yako? Tuna likizo, twende wote kwa gari, uione Marekani. Wazo jema kabisa. Wakaendesha siku mbili, kama maili 1,400, wakalala njiani, wakafika Washington wakiwa na furaha. Jumatano jioni wakampeleka shangazi uwanja wa ndege kupanda ndege ya London. Binti wa kaunta akabonyeza mashine yake, akabonyeza tena, kisha akasema: jina hili halimo katika ndege hii. Safari yote imefutwa.

Simu ilinikuta usingizini, hapa kwetu ikiwa saa tisa usiku.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Hebu nisaidie, hawa watu wanasema sina tiketi, na tiketi ninayo mkononi."

Nilichokuja kuelewa baadaye ni kwamba wote wawili walikuwa wakisema kweli. Shangazi alikuwa na tiketi, na yule binti wa kaunta hakuwa na abiria. Tiketi hizi ni mnyororo. Kila safari ya ndege ni pete moja, na pete hutumika kwa mfuatano. Abiria asipotokea kwenye ndege moja, kompyuta ya shirika humhesabu kuwa ameikimbia safari, na nafasi zote zinazofuata hufutwa. Kompyuta haijui kwamba amekuja kwa gari la mkwe wake. Inachojua ni kwamba ndege ya Houston hadi Washington iliondoka na kiti chake kikiwa kitupu.

Sasa, ndugu msikilizaji, turudi nyuma kidogo tuone tiketi hii imetoka wapi, maana masharti yake mengi yana historia.

Mara ya kwanza ndege kuizunguka dunia ilikuwa mwaka 1924, wakati marubani wa jeshi la Marekani walipotumia siku 175 kufanya kazi hiyo. Mwaka 1947 shirika la Pan American lilianzisha huduma ya kuizunguka dunia kwa abiria wa kawaida, yaani wa kawaida mwenye fedha. Shirika lile lilifunga milango Desemba mwaka 1991. Mashirika mengi hayana ndege za kufika kila pembe ya dunia, hivyo yakaungana. Star Alliance iliundwa mwaka 1997, oneworld mwaka 1999, na SkyTeam mwaka 2000. Baadaye na mashirika ya upande wetu yakaingia: South African Airways mwaka 2006 na Ethiopian Airlines mwaka 2011 katika Star Alliance, na Kenya Airways mwaka 2010 katika SkyTeam. Kwa ndugu zetu wa Ghuba, Qatar Airways iliingia oneworld mwaka 2013 na Oman Air mwaka 2025. Shirika letu la Air Tanzania si mwanachama wa miungano hiyo. Jambo hilo lina maana yake kwa abiria wa Mwanza au Mbeya, nami nitalirudia.

Kwa hiyo tiketi ya kuizunguka dunia siku hizi ni nauli moja inayotumika kwa ndege za mashirika mengi yaliyo katika muungano mmoja. Unalipa mara moja, na mashirika hayo hugawana fedha yenyewe kwa yenyewe. Bei hutegemea mambo makuu matatu: nchi unayoanzia safari, daraja unalokaa, na ukubwa wa mzunguko wako. Hili la nchi ya kuanzia huwashangaza wengi. Mzunguko ule ule, miji ile ile, ndege zile zile, huweza kuwa na bei moja ukianzia nchi hii na bei nyingine kabisa ukianzia nchi ya jirani.

Ukubwa wa mzunguko hupimwa kwa njia mbili. Star Alliance huhesabu maili. Kwa miaka mingi ngazi zake zimekuwa maili 29,000, maili 34,000 na maili 39,000. Mzingo wa dunia pale Ikweta ni kama maili 24,900. Kwa hiyo mwenye tiketi ya maili 29,000 ana ziada ndogo ya kupinda kulia na kushoto. Akiongeza mji mmoja ulio kando ya njia, anaweza kuruka ngazi na kutakiwa kuongeza fedha.

Muungano wa oneworld nao una tiketi maarufu inayohesabu mabara, kuanzia matatu hadi sita. Hapa pana kichekesho cha jiografia. Mabara ya tiketi si yale tuliyofundishwa shuleni. Katika tiketi hiyo Misri, Sudani na Moroko zimo Ulaya, na Doha na Muscat pia zimo Ulaya, kwa sababu Mashariki ya Kati na Afrika ya Kaskazini zimewekwa kapu moja na Ulaya. Mtu wa Dar es Salaam anayepitia Doha kwenda Tokyo na akashuka Doha kukaa siku tatu, kwa hesabu ya tiketi amekwisha kukaa Ulaya. Ukipanga safari kwa ramani ya ukutani, hesabu yako na ya mashirika hazitalingana.

Yapo masharti ambayo miungano yote miwili inafanana. La kwanza ni kwamba lazima uende upande mmoja, ama mashariki ama magharibi, na lazima uvuke bahari ya Atlantiki na bahari ya Pasifiki, kila moja mara moja. Wazee wetu wa majahazi wangelielewa sharti hili bila kuelezwa. Kaskazi ilileta majahazi Zanzibar kutoka Arabuni, kusi ikayarudisha, na nahodha aliyechelewa msimu hakugombana na upepo, alingoja. Tiketi hii ina upepo wake. Ukishafika Guangzhou ukitoka Dar es Salaam, upepo unakusukuma kwenda Marekani. Huwezi kurudi Dubai kwa sababu umekumbuka kitu. Ndani ya bara moja unaruhusiwa kurudi nyuma kidogo, lakini kurudi bara uliloliacha hairuhusiwi, isipokuwa pale masharti yanapotaja nafasi maalumu.

La pili ni muda. Kwa kawaida safari haipungui siku kumi na haizidi mwaka mmoja tangu ndege ya kwanza. Mwaka ukiisha, kilichobaki kimekwisha, hata kama zimebaki safari tano ambazo hukuzitumia.

La tatu ni idadi ya safari, isiyozidi kumi na sita. Kwa nini kumi na sita na si kumi na tano au ishirini? Sababu ni karatasi. Waliosafiri zamani wanakumbuka kile kijitabu chenye kurasa nyekundu za kaboni. Kila kijitabu kilikuwa na kuponi nne, na vijitabu vinne viliweza kuunganishwa kuwa tiketi moja. Nne mara nne ni kumi na sita. Chama cha mashirika ya ndege duniani, IATA, kiliacha tiketi za karatasi tarehe 1 Juni 2008, lakini hesabu ya kuponi ilihamia ndani ya kompyuta kama ilivyokuwa. Karatasi imekufa, sheria yake inaishi.

Na hapa kuna mtego. Ukifika mji mmoja kwa ndege na ukaondokea mji mwingine, ile sehemu ya katikati uliyokwenda kwa gari, treni au meli nayo kwa kawaida huhesabiwa. Inaweza kula kuponi moja, na katika tiketi za maili inaweza kula maili pia, ingawa nauli ya basi umelipa mwenyewe.

La nne ni tofauti kati ya kupita na kukaa. Ukiwa katika mji kwa muda usiozidi saa 24, unapita tu. Ukizidisha saa 24, umekaa, na vituo vya kukaa vina idadi yake. Tazama tiketi yako: mbele ya jina la mji ukiona herufi X, maana yake hapo unapita na huruhusiwi kukaa. Herufi O maana yake unaruhusiwa. Nimeona mtu akipanga harusi katika mji wenye X.

Basi tumefika kwenye kiini cha mazungumzo yetu, yaani kubadili tiketi. Watu wengi huuliza, "Je, tiketi hii inabadilika?" Swali hilo halina jibu moja, kwa sababu kuna mabadiliko ya aina nyingi na kila moja lina bei yake. Ni heri kuyatenganisha.

Mabadiliko mepesi ni ya tarehe na saa. Njia inabaki ile ile, mji ni ule ule, shirika ni lile lile, ila badala ya kuondoka Jumanne unataka kuondoka Ijumaa. Tiketi za kuizunguka dunia zinajulikana kwa upole katika jambo hili. Mara nyingi hubadilishwa bila malipo au kwa malipo madogo. Upole huo una sababu yake. Mashirika mengi hufungua ratiba zake miezi kama kumi na moja tu mbele. Mtu anayesafiri mwaka mzima hawezi kupata tarehe ya kweli ya ndege yake ya mwisho siku anayonunua tiketi. Wakala humwekea tarehe ya muda, kisha huibadilisha baadaye. Ukinunua tiketi ya namna hiyo, muulize wakala wako: tarehe zipi hapa ni za kweli na zipi ni za kushikilia nafasi? Ziandike kwenye kalenda, maana wakala anaweza kusahau lakini kompyuta haisahau.

Hata mabadiliko hayo mepesi yana sharti moja linaloleta ugomvi kila siku katika ofisi za mashirika. Unapiga simu, unaambiwa nafasi hakuna. Jirani yako anatazama kwenye simu yake, anaona viti vinauzwa tele katika ndege hiyo hiyo. Unaona umedanganywa, na kumbe hukudanganywa. Ndani ya daraja moja la ndege, viti vimegawanywa kwa herufi, na kila herufi ni kapu la nauli fulani. Ni kama basi la mkoani ambalo mwenye basi ametenga viti kumi kwa nauli ya wanafunzi. Vikijaa, mwanafunzi wa kumi na moja hapati nauli hiyo, hata kama nyuma kuna viti vitupu. Katika tiketi ya mabara ya oneworld, daraja la kawaida hutumia herufi L, daraja la biashara D, na daraja la kwanza A. Kapu la L likiwa limekwisha siku hiyo, kwako ndege imejaa. Kwa hiyo usiulize kama ndege ina nafasi. Uliza kama herufi yako ina nafasi, na siku gani iliyo karibu inayo.

Mabadiliko mazito ni ya njia. Unataka kuongeza mji, kuondoa mji, au kubadili shirika. Hapo tiketi haitengenezwi kwa kalamu. Huandikwa upya yote. Unalipa ada ya kuandika upya, na kodi zote za viwanja vya ndege zinahesabiwa tena kwa viwango vya siku hiyo. Kama mji mpya umekupandisha ngazi ya maili au umekuongezea bara, unalipa na tofauti ya nauli. Ushauri hapa ni mmoja: kusanya mabadiliko yako. Ada hutozwa kila tiketi inapoandikwa upya, si kwa kila mji. Anayebadili miji mitatu kwa siku moja hulipa ada moja, na anayebadili mji mmoja mmoja kwa siku tatu hulipa mara tatu.

Kisha kuna mabadiliko ambayo hayapo kabisa. Jina halibadiliki; tiketi ya shangazi haiwezi kuwa tiketi ya mama mdogo. Nchi ya kuanzia nayo haibadiliki ukishaondoka. Na kurudishiwa fedha baada ya kuanza safari ni kama kumwomba mwuza nyama akurudishie fedha wakati nusu kilo umekwisha kuila. Mashirika hukata thamani ya safari ulizokwisha kusafiri kwa nauli ya kawaida, ile ya juu, kisha hutoa faini, na mara nyingi hakibaki kitu cha kuhesabu.

Lakini kuna upande wa pili ambao abiria wengi hawaujui. Shirika lenyewe likibadili ratiba, likifuta ndege au likikuchelewesha ukakosa ndege ya kuunganisha katika tiketi hiyo hiyo, mabadiliko hayo si yako, na ada haikuhusu. Ni wajibu wa shirika kukutafutia njia nyingine ya kufika. Usilipe kabla ya kuuliza nani amebadili.

Hapo ndipo ninaporudi kwa msafiri wa Mwanza. Akinunua tiketi ya Mwanza hadi Dar es Salaam peke yake, kwa shirika lililo nje ya muungano, hizo ni tiketi mbili zisizojuana. Ndege ya Mwanza ikichelewa saa nne na ile kubwa ikaondoka, shirika kubwa litasema abiria hakutokea. Na kama ilikuwa ndege ya kwanza ya mzunguko, mnyororo wote umekatika kabla ya kuanza. Njoo Dar es Salaam siku moja kabla, ulale kwa ndugu. Gharama ya usiku mmoja ni ndogo kuliko gharama ya dunia nzima.

Jambo jingine linalowabadilisha tiketi wasafiri wa kwetu, pengine kuliko yote, ni viza. Vitabu vingi vinavyoeleza tiketi hizi vimeandikwa kwa ajili ya watu ambao pasipoti zao hufungua milango. Yetu hubisha hodi. Nimesema lazima uvuke Pasifiki, na njia nyingi za kuvuka Pasifiki zinatua Marekani au Kanada. Marekani haina utaratibu wa kupita uwanjani bila kuingia nchini. Hata ukibadili ndege kwa saa mbili tu, unapita uhamiaji, na Mtanzania au Mkenya anahitaji viza. Kwa hiyo kununua tiketi kwanza na kuomba viza baadaye ni kujenga paa kabla ya ukuta. Omba viza ngumu kwanza. Wakala mzuri anaweza kukuwekea nafasi kwa muda bila kuitoa tiketi yenyewe, upate karatasi ya kupeleka ubalozini. Na viza uliyopata, soma tarehe zake pamoja na tarehe za tiketi. Ukisogeza ndege kwa majuma matatu bila ada yoyote, lakini viza ya nchi inayofuata ikawa imekwisha, umeokoa shilingi na kupoteza elfu.

Sasa utayajuaje masharti ya tiketi yako mwenyewe? Kila nauli ina hati yake ya masharti, imegawanywa kwa vifungu, na wakala anaweza kukuchapia. Imeandikwa kwa Kiingereza cha mkato, mingi yake herufi kubwa, lakini huhitaji kuielewa yote. Tafuta kifungu cha muda mfupi na muda mrefu wa safari, kifungu cha vituo vya kukaa, na hasa kile cha kumi na sita, ambacho ndicho cha faini na mabadiliko. Mwambie wakala akusomee hicho neno kwa neno, kisha akueleze kwa Kiswahili. Muulize maswali mawili ambayo mara nyingi yana majibu tofauti: nikibadili kabla ya kuondoka nalipa nini, na nikibadili baada ya kuondoka nalipa nini? Kisha la tatu: nisipotokea bila kutoa taarifa, itakuwaje?

Kwenye tiketi yenyewe tazama namba yake yenye tarakimu 13. Tarakimu tatu za mwanzo ni za shirika lililoitoa: 706 ni Kenya Airways, 071 ni Ethiopian, 157 ni Qatar Airways. Huyo ndiye mwenye tiketi yako. Unaweza kuwa umepanda ndege za mashirika sita, lakini likitokea la kuandika upya, wale watano watakurudisha kwa huyu mmoja au kwa wakala aliyekuuzia. Tazama pia alama ya nauli. Ukiona LONE4, kwa mfano, L ni herufi ya kiti, ONE ni muungano wa oneworld, na 4 ni mabara manne. Ukiona NVA na tarehe, hiyo ndiyo siku ambayo baada yake kuponi ile haifai. Ukiona NONEND, maana yake tiketi hiyo huwezi kuihamishia shirika lingine kwa hiari yako.

Na ubebe namba ya simu ya wakala ambayo mtu ataipokea. Hili nalisema kwa uchungu. Usiku ule Washington ilikuwa saa mbili usiku, na ofisi ya wakala wetu hapa Dar es Salaam ilikuwa imefungwa hadi saa mbili na nusu asubuhi. Shirika lilisema tiketi imetolewa na wakala, wakala ndiye aiandike upya. Tukangoja. Shangazi alirudishwa hotelini na mkwe wake, ambaye hakusema neno njia nzima kwa kujilaumu.

Asubuhi nilikuwa wa kwanza mlangoni kwa wakala. Binti aliyenihudumia alikuwa mwepesi na mwenye huruma. Aliondoa safari ya Houston hadi Washington, akaiweka kuwa ya nchi kavu, akaandika tiketi upya. Kulikuwa na ada na kulikuwa na nyongeza ya kodi, vikalipwa. Lakini herufi ya shangazi haikuwa na nafasi Alhamisi. Nafasi ya karibu ilikuwa Ijumaa usiku.

"Mzee," aliniambia huku akinipa karatasi, "mngenipigia simu kabla ya ndege ya Houston kuondoka, ningefanya kazi hii hii kwa ada hii hii, na nafasi ya London isingeguswa."

Shangazi alifika London Jumamosi asubuhi. Mahafali yalikuwa yamekwisha. Katika picha ya siku ile kijana amevaa joho, kulia kwake amesimama mwenye nyumba wake, na kushoto kwake hakuna mtu. Jumapili walikodi joho tena wakapiga nyingine, na hiyo ndiyo iliyo ukutani kwa shangazi leo. Anaipenda. Lakini akiulizwa juu ya safari yake hueleza China, hueleza Houston, hueleza barabara ndefu ya kwenda Washington, na akifika hapo hubadili mazungumzo.

Simsemi mkwe, maana alitenda wema. Wala simsemi yule binti wa kaunta, aliyesoma kilichokuwa mbele yake. Nasema tu kwamba wakati wa kulipa, sote tuliuliza bei, tukauliza kilo za mizigo, tukauliza chakula ndani ya ndege. Hakuna aliyeuliza itakuwaje mama asipopanda mojawapo ya ndege hizi. Swali hilo lingechukua dakika moja.

Basi, ndugu msikilizaji, kama unao watoto waliotawanyika, au biashara inayokupeleka China na Marekani kwa mwaka mmoja, usiiogope tiketi hii. Ni mkataba kama mkataba wa nyumba, na mkataba husomwa kabla ya kutiwa saini. Ukitaka kuruka safari moja, sema kabla ndege haijaondoka. Ukitaka kubadili, badili kwa pamoja. Na ukikaribishwa gari na mkwe, kubali, lakini piga simu kwanza.

Hadi juma lijalo, kwaherini.